Kuunganisha nyaya mbili za mtandao nyumbani: Kasi huongezeka lini?

BAADHI ya ruta, swichi na vifaa vya kuhifadhia data nyumbani huuzwa vikiwa na matundu mawili ya waya ambayo mnunuzi huelezwa kuwa yanaweza kutumiwa kwa pamoja ili kasi iwe maradufu. Ahadi hiyo si uongo, ila huwa imeachwa nusu. Anayevinunua vifaa hivyo akitarajia kurasa za intaneti zifunguke upesi zaidi atakuwa amezitupa pesa zake.

Tundu la kawaida la mtandao katika tarakilishi za siku hizi hupitisha gigabiti moja kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, kiwango hicho ni sawa na megabaiti 125 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi mtu hupata takriban megabaiti 110. Intaneti ya megabiti 40 kwa sekunde, kwa mfano, hutumia sehemu moja tu kati ya 25 za uwezo huo. Waya mmoja tayari ni mpana kuliko kinachopita ndani yake, na kuongeza wa pili hakubadilishi lolote. Wenye simu na vipakatalishi vinavyotumia Wi-Fi hawatafaidika pia, kwani kasi yao huamuliwa na mawimbi ya redio.

Faida hutafutwa kwingine: pale data inaposafiri ndani ya nyumba yenyewe. Mpigapicha wa harusi ambaye huhifadhi video zake katika kifaa kimoja, huku yeye na msaidizi wake wakizihariri katika tarakilishi mbili tofauti, anaijua adha hiyo. Faili za gigabaiti 50 huchukua zaidi ya dakika saba kupita katika waya mmoja. Wawili hao wakizihitaji faili wakati mmoja, kila mmoja hupata nusu ya kasi.

Mbinu ya kuunganisha nyaya haikuanza majumbani. Kampuni ya Kalpana ya Marekani, iliyonunuliwa na Cisco mnamo 1994, ilikuwa miongoni mwa zilizoitangulia. Mwaka wa 2000 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliidhinisha kanuni ya 802.3ad ili vifaa vya kampuni mbalimbali viweze kuelewana, na mnamo 2008 kanuni hiyo ikahamishiwa chini ya nambari 802.1AX. Vifaa vya pande zote mbili hutumiana ujumbe, vikakubaliana kwamba nyaya hizo mbili zihesabiwe kuwa njia moja.

Hata hivyo, kukubaliana huko hakumaanishi kwamba faili moja hukatwa vipande viwili na kupitishwa pande zote. Data husafiri kwa pakiti ndogo ndogo zinazopaswa kufika kwa mpangilio. Iwapo pakiti ya saba itafika kabla ya ile ya sita, tarakilishi inayopokea inaweza kudhani kuna iliyopotea na kuomba itumwe upya, na kasi ikashuka badala ya kupanda. Ili kuepuka vurugu hiyo, kifaa huzitazama anwani za mtumaji na mpokeaji, kikapiga hesabu, kisha kikayaelekeza mawasiliano yao yote kwenye waya mmoja.

Ni kama barabara inapoongezewa leni. Matatu nyingi zaidi zitapita kwa wakati mmoja, lakini hakuna matatu inayoweza kukimbia katika leni mbili. Kwa hiyo tarakilishi moja inayonakili faili moja itabaki na gigabiti moja ile ile, hata nyaya ziwe nne. Tarakilishi mbili ndizo zinazoweza kupata gigabiti moja kila moja, na hata hapo si hakika, maana hesabu hiyo ya anwani inaweza kuziweka zote mbili katika waya mmoja huku wa pili ukikaa bure.

Lipo pia suala la diski. Diski moja ya kuzunguka, hata iliyo nzuri, kwa kawaida haiwezi kusoma data kwa kasi ya kujaza matundu mawili, hasa watu wawili wanapoitisha faili tofauti.

Kosa linaloleta hasara zaidi ni kuchomeka waya wa pili kati ya swichi mbili za bei nafuu zisizo na mahali pa kufanyia mipangilio. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote huanza kuzunguka kutoka waya mmoja hadi mwingine bila kikomo, na katika muda wa sekunde chache mtandao wote wa nyumba unaweza kukwama. Mipangilio hufanywa kwanza pande zote mbili, ndipo waya wa pili uchomekwe.

Kwa nyumba nyingi ipo njia nyepesi zaidi. Kanuni ya 802.3bz, iliyoidhinishwa mnamo 2016, huruhusu gigabiti 2.5 kwa sekunde katika waya mmoja wa aina ya Cat 5e hadi umbali wa mita 100. Nyaya zilizomo ukutani hubaki; kinachobadilishwa ni swichi na matundu ya vifaa. Kasi hiyo yote hupatikana hata na tarakilishi moja, jambo ambalo nyaya mbili zilizounganishwa haziwezi. Anayetumia Windows ana njia nyingine iliyokuja na Windows 8 mnamo 2012, ambayo huigawa kazi ya kunakili faili moja kati ya matundu kadhaa, mradi tarakilishi na kifaa cha kuhifadhia vyote viwe na matundu hayo na viikubali mbinu hiyo.

Nyaya mbili zilizounganishwa zina manufaa mengine yasiyotajwa sana madukani. Panya akiutafuna mmoja, kazi huendelea kupitia wa pili.