Lori Kuukuu na Moshi Wake

Fundi akisogeza taimingi ya pampu ya lori kuukuu ili dizeli iingie mapema, gari hula mafuta kidogo na moshi mweusi hupungua. Mwenye gari hufurahi. Lakini moto wa silinda huzidi ukali, na gesi za naitrojeni, zenye kudhuru mapafu, huongezeka. Kule Marekani, mwaka 1998, watengenezaji saba wa injini za dizeli walikubali kulipa faini ya dola milioni 83.4 kwa jambo la namna hii: injini zilifaulu zikipimwa, lakini barabarani zikawa zinabadili taimingi zenyewe. Basi moshi kutoonekana si dalili ya usafi. Twawanasihi wenye magari: mwambieni fundi airudishe taimingi kwenye alama ya kiwanda, kwa afya ya wachukuzi na watoto wetu.