Askari wa Damu na Breki Zao

Darasani tumefundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Kama askari wapo, mbona kansa haikamatwi?" Swali hilo nitajaribu kulijibu hapa.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kansa haitoki nje; ni chembe za mwili wenyewe zilizoasi na kuongezeka bila kipimo. Mara nyingi askari huzitambua. Lakini kila askari ana breki, kama baiskeli, ili asije akaushambulia mwili anaoulinda. Kansa nyingi hujua hila ya kuikanyaga breki hiyo, na askari husimama tu, adui yu mbele yake.

Breki moja, iitwayo PD-1, iligunduliwa mwaka 1992 huko Kyoto, Japani, katika maabara ya Tasuku Honjo. Nyingine ni CTLA-4. Mwaka 1996 James Allison wa Marekani na wenzake walitangaza kwamba walipoizuia breki hiyo katika panya, askari waliushinda uvimbe. Mabwana hawa wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Dawa yenyewe ni protini iitwayo kingamwili, nayo hutiwa mshipani. Huishika breki ile tu, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake, na kansa hukosa pa kukanyaga. Tena fahamuni kwamba dawa haiui kansa. Wauaji ni askari wetu wenyewe.

Mwaka 2015 Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuwa na kansa ya ngozi iliyokwisha kufika kwenye ini na ubongo. Alipasuliwa, akapigwa mionzi, akapewa dawa ya kuizuia PD-1. Kabla ya mwaka kwisha kansa haikuonekana tena. Alifariki mwaka 2024, umri wake miaka 100.

Hata hivyo, si wagonjwa wote wanaopona. Tena askari wasio na breki huweza kushambulia utumbo, mapafu au ngozi ya mgonjwa, na bei ya dawa ni kubwa mno. Basi wenzangu mnaopenda sayansi, msidhani kazi imekwisha. Bado anatakiwa mtu wa kutuonyesha namna ya kumfungulia askari breki bila kumwumiza mwenye mwili, na kwa bei ambayo hata mkulima ataiweza.