Istilahi za Gari-malazi Kongwe: Kulitambua na Kulirejesha

Haja ya istilahi huonekana mapema pale ambapo watu wawili wanaofanya kazi moja hutumia neno moja kwa maana mbili. Mwenye gari humwambia fundi, "Nitengenezee gari hili, ndani na nje." Fundi naye huitikia, kisha hung'oa makabati ya mbao, huyatupa, hutia viti vipya na kupiga rangi inayong'aa. Kwa ufahamu wake, fundi ametimiza ahadi. Kwa ufahamu wa mwenye gari, kitu kisichopatikana tena kimepotea. Kosa si la mkono wa fundi. Kosa ni la kitenzi kilichobebeshwa kazi nne kwa wakati mmoja.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za magari yaliyoundwa zamani kwa ajili ya safari na baadaye, au tangu mwanzo, yakatiwa kitanda, jiko na kabati. Mfano wetu mkuu ni Volkswagen Aina ya 2, ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili huifahamu kwa jina la kombi. Tumeichagua kwa sababu historia yake inajulikana vizuri, na kwa sababu jina lake limekwisha kuingia katika lugha yetu.

1. Jina la kitu chenyewe

Kombi ni ufupisho wa neno la Kijerumani lenye maana ya gari la matumizi mbalimbali, yaani gari linaloweza kuchukua abiria au mizigo. Kwa hiyo si kila kombi ina malazi, wala si kila gari lenye malazi ni kombi. Bedford CA ya Uingereza, iliyoundwa kuanzia 1952 hadi 1969, nayo iligeuzwa kwa wingi kuwa gari la kulala wasafiri, lakini haikuwa kombi.

Majina kadhaa yaweza kufikiriwa. "Gari la kulala" huchanganywa na behewa la kulala la reli. "Gari la kambi" humfanya msikilizaji afikirie kambi ya askari au ya wakimbizi. "Nyumba ya magurudumu" hufaa zaidi kwa karavani, ambayo haina injini na hukokotwa na gari jingine. Sisi tunapendekeza gari-malazi. Ni jina fupi, linaeleweka bila maelezo marefu, na wingi wake, magari-malazi, hauna taabu.

Kuhusu umri, Kiswahili kina utajiri ambao haufai kupuuzwa. Kitu kuukuu kimetumika hata kikachoka. Kitu chakavu kimeharibika. Kitu kongwe kimeishi miaka mingi, na ukongwe wake huweza kuwa heshima. Gari la 1965 linaweza kuwa kongwe bila kuwa chakavu, na gari la miaka mitano likawa chakavu bila kuwa kongwe. Wapenzi wa magari wa Uingereza wana neno maalumu kwa magari yaliyoundwa baina ya 1919 na 1930, na kombi haimo katika kundi hilo. Neno kongwe halijifungi katika miaka hiyo, kwa hiyo latufaa.

2. Mtengenezaji na mgeuzaji

Gari-malazi la aina hii huwa na asili mbili. Kwanza kuna kiwanda kilichounda bodi, injini na magurudumu. Kombi zilianza kutolewa kiwandani Wolfsburg tarehe 8 Machi 1950, na mwaka 1956 kazi hiyo ikahamishiwa Hannover. Pili kuna karakana iliyotia malazi. Huko Wiedenbrück, Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza kazi hiyo mwaka 1951. Uingereza zilikuwako karakana nyingi, miongoni mwao Devon ya Sidmouth, na Martin Walter ya Folkestone iliyotumia jina la Dormobile.

Tunapendekeza kiwanda cha kwanza kiitwe mtengenezaji, na karakana ya pili iitwe mgeuzaji. Kutokana na kitenzi geuza twapata pia ugeuzaji, yaani tendo, na mgeuzo, yaani matokeo ya tendo hilo. Familia hii ya maneno humwezesha mtu kusema bila utata: "Mtengenezaji ni Volkswagen, mgeuzaji ni Devon, na mgeuzo wenyewe umebaki nusu."

Tofauti hii ndiyo msingi wa utambuzi. Alama za mtengenezaji hazithibitishi mgeuzaji. Kioo cha mbele kilichogawanyika vipande viwili huonyesha muundo wa kwanza, uliodumu katika kiwanda cha Ujerumani hadi 1967. Kioo kimoja kilichopinda huonyesha muundo wa pili, ulioanza Agosti 1967 na kuendelea hadi 1979. Katika muundo huo wa pili, taa za kuonyesha kona zilikaa chini ya taa kubwa za mbele hadi katikati ya 1972, kisha zikapandishwa juu. Hayo yote yatuambia habari za bodi tu.

Habari za mgeuzo hutafutwa ndani: namna kabati zilivyounganishwa, aina ya mbao, mahali pa sinki, matundu ya skrubu sakafuni, na kibati cha mgeuzaji kama bado kipo. Westfalia iliipa migeuzo yake herufi SO, kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya muundo maalumu, zikifuatwa na tarakimu. SO 42, kwa mfano, ni ya 1965 hadi 1967.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Paa la Dormobile lenye bawaba ubavuni na turubai ya mistari ni rahisi kulitambua, lakini wageuzaji wengine nao walilitumia katika magari yao. Kwa hiyo paa peke yake si ushahidi wa kutosha. Vilevile, vyombo vya kwanza vya Westfalia viliundwa ili viweze kutolewa, gari lipate kubeba mizigo siku za kazi. Gari la namna hiyo likikutwa tupu, si lazima liwe limeharibiwa.

3. Miaka mitatu ya gari moja

Neno "mwaka wa gari" huleta ugomvi mwingi, kwa kuwa gari moja huweza kuwa na miaka mitatu. Mwaka wa kuundwa ni ule ambao bodi ilitoka kiwandani. Mwaka wa toleo ni ule uliotajwa na mtengenezaji, na kwa Volkswagen ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa kusajiliwa ni ule ambao gari liliandikishwa barabarani. Kombi iliyoundwa Oktoba 1971 na kuandikishwa Januari 1973 ni ya toleo la 1972.

Kuanzia toleo la 1970, namba ya bodi ya kombi ilikuwa na tarakimu kumi. Mbili za kwanza ni za aina: 21 ni gari la mizigo lisilo na madirisha ya ubavuni, 22 ni basi dogo, na 23 ni kombi. Ya tatu ni mwisho wa mwaka wa toleo. Ya nne ni 2 daima, kisha hufuata sita za mfululizo. Kwa hiyo namba ianzayo na 2322 ni ya kombi ya toleo la 1972. Katika magari mengi ya muundo wa pili, nyuma ya viti vya mbele kuna kibati kidogo chenye tarakimu zinazoeleza rangi ya asili, tarehe ya kuundwa, nchi lilikopelekwa na vifaa vilivyoagizwa. Kibati hiki kisibanduliwe wala kupakwa rangi.

Namba ya injini haina uzito kama huo. Injini ya kombi hushikwa na boliti nne tu kwenye gea boksi, na ilibadilishwa mara nyingi katika maisha ya gari.

4. Vitenzi vinne

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hawaiti kila kazi "kutengeneza chombo". Wana kukalafati, yaani kuziba nafasi baina ya mbao. Wana kupaka deheni, ili kulinda mbao na wadudu wa baharini. Na wana kung'oa ubao uliooza na kutia mwingine. Kila kazi ina jina lake, na kila jina lina malipo yake. Karakana ya magari nayo inastahili mpango huo. Tunapendekeza vitenzi vinne vitenganishwe.

Kutengeneza ni kuondoa hitilafu ili gari lifanye kazi. Kukarabati ni kutengeneza sehemu nyingi kwa pamoja na kuzipa sura nzuri, bila sharti la kufuata asili. Kuhifadhi ni kuzuia uharibifu usiendelee na kuacha kila kilichopo kama kilivyo, pamoja na alama za matumizi. Kurejesha ni kulirudisha gari katika hali iliyowahi kuwa nayo, kwa kufuata ushahidi.

Kurejesha huzaa swali: kurejesha wapi? Tuseme kombi ilitoka Hannover ikiwa na viti vya abiria, kisha mgeuzaji wa Uingereza akaitia kitanda mwaka 1970. Fundi akiurudisha mpangilio wa kiwanda, amefuta kazi ya mgeuzaji. Akiurudisha mgeuzo, ameacha hali ya kiwanda. Kazi zote mbili zaitwa kurejesha, nazo zinapingana. Hivyo mkataba hauna budi kutaja hali-lengwa, yaani hali moja, yenye tarehe yake, ambayo kazi yote itaielekea.

5. Maneno ya kutu

Bodi ya kombi imechomelewa pamoja na mihimili yake ya chini, nayo hubeba uzito wa gari zima. Kwa sababu hiyo kutu katika gari hili ni ugonjwa wa mifupa, si wa ngozi tu. Mahali pa kukaguliwa kwanza ni vizingiti vya milango, ambavyo vina tabaka tatu za bati. Mahali pa kutilia jeki. Matao ya magurudumu. Kitako cha betri kando ya injini. Fremu ya kioo cha mbele. Na mfereji wa paa.

Hapa kuna maneno mawili yasiyofaa kuchanganywa. Kuziba ni kujaza tundu kwa puti, ule uji mzito unaopakwa, ukakauka na kusuguliwa kwa msasa. Kupachika ni kukata bati lote lililoliwa hadi lile zima, kisha kuchomelea bati jipya la unene unaofaa. Kizingiti kilichozibwa hupendeza macho, lakini hakibebi uzito. Hati ya kazi ikiandika "kizingiti kimetengenezwa", mnunuzi hajui amenunua bati au puti. Ikiandika "kizingiti kimepachikwa, tabaka zote tatu", anajua.

6. Maneno ya usalama

Injini ya kombi hizi iko nyuma na hupozwa kwa upepo, na mara nyingi gamba lake ni la aloi ya magnesi, madini yanayowaka kwa ukali moto ukishapamba. Mabomba ya mpira ya petroli hupasuka kwa uzee. Kwa hiyo katika orodha ya kazi tunapendekeza neno kubadilisha litumike kwa mabomba hayo, wala si kukagua, ambalo humwachia fundi nafasi ya kutazama na kupita. Kifaa cha kuzimia moto nacho kiwe karibu na dereva.

Hewa ya kupashia joto ndani ya gari hupitia kwenye masanduku yanayozunguka mabomba ya moshi. Yakitoboka, moshi wenye sumu huweza kuingia wanamokaa watu. Jiko la gesi nalo, likiwashwa katika nafasi iliyofungwa, huleta hatari hiyohiyo. Vitambaa vya breki vya zamani viliweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lisipeperushwe kwa pumzi wala kwa pampu ya upepo.

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Gari-malazi: gari lenye injini, lililotiwa mahali pa kulala na kupikia.
Mtengenezaji: kiwanda kilichounda gari.
Mgeuzaji: karakana iliyotia malazi katika gari.
Mgeuzo: malazi hayo pamoja na mabadiliko ya bodi yaliyoyafuata.
Mwaka wa toleo: mwaka ambao mtengenezaji alilihesabia gari.
Paa la kuinuka: paa lenye bawaba na turubai, liongezalo kimo.
Kiti-kitanda: kiti kinachokunjuliwa kuwa kitanda.
Hali-lengwa: hali yenye tarehe, inayokusudiwa katika kurejesha.
Kupachika: kukata bati bovu na kuchomelea zima mahali pake.

Istilahi hizi ni mapendekezo. Mafundi bodi, wafasiri wa vitabu vya ufundi na walimu wa vyuo wanaombwa wazijaribu kazini na kutuandikia zilipowafaa na zilipowakwaza. Ikiwa tayari liko neno la karakana linalobeba maana mojawapo ya hizi kwa ukamilifu, tuletewe hilo, nasi tutaliweka mbele ya letu.