Simba wa Kazinga na Jicho la Kamera

Askari anayesafiri kutoka Kasese kwenda Bwera hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Kutoka njia panda ya Kikorongo barabara huelekea mpaka wa Mpondwe, na msafiri mwenye bahati huona ndovu au nyati kandokando yake. Wengi hupiga picha mbili tatu za ukumbusho, wakaendelea na safari. Ni wachache wanaofikiri kwamba picha ya mnyama yaweza kuwa ushahidi wenye uzito kama maelezo ayaandikayo polisi katika daftari lake.

Ushahidi wa namna hiyo ulipatikana katika hifadhi hiyo mwezi Februari 2024. Watafiti wakiongozwa na Alexander Braczkowski walirusha usiku ndege ndogo isiyo na rubani, yenye kamera inayotambua joto la mwili gizani. Kamera iliwanasa simba wawili ndugu, Jacob na Tibu, wakiingia katika Mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Maji hayo ni makazi ya viboko na mamba. Majaribio ya kwanza hayakufaulu, simba wakarudi ukingoni, hatimaye walivuka. Masafa waliyoogelea yalikadiriwa kuwa kati ya kilometa 1 na 1.5, ambayo ni makubwa kupita yote yaliyokuwa yamepata kuandikwa juu ya simba.

La ajabu zaidi ni kwamba Jacob alikuwa na miguu mitatu tu. Mguu wa nne aliupoteza kwa mtego wa chuma uliotegwa na majangili. Aliwahi pia kupigwa pembe na nyati, na jamaa zake waliuawa kwa sumu.

Mtazamaji wa kawaida angeistaajabia filamu hiyo, kisha akaisahau. Watafiti waliuliza: ni jambo gani lililowasukuma simba hao kuhatarisha maisha yao? Saa chache kabla ya kuvuka, ndugu hao walikuwa wameshindwa katika mapigano na madume wengine. Kwa maoni ya watafiti, walikuwa wakitafuta majike, ambao wamepungua mno katika hifadhi. Daraja lipo Katunguru, lakini hapo hupita watu na magari, na yaelekea simba waliona heri ya maji.

Upungufu huo haukuletwa na maradhi peke yake wala na ukame. Mwezi Aprili 2018 simba 11, wakiwamo watoto 8, walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji cha Hamukungu. Mwezi Machi 2021 wengine 6 walikutwa wamekufa huko Ishasha, vichwa na nyayo zao zimekatwa. Hivyo, filamu ya simba mwogeleaji ni filamu ya uhalifu pia, ingawa mhalifu mwenyewe haonekani.

Hapa ndipo kazi ya mlinzi wa usalama inapohusika. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu hata ya kifungo cha maisha kwa anayeua wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Lakini sheria haikamati mtu. Anayekagua mizigo mpakani, anayeshika doria usiku, na anayeokota kitanzi cha waya porini ndio wanaoipa sheria nguvu.

Apendaye kupiga picha naye ana wajibu wake. Abaki ndani ya gari au mashua, asimmulike mnyama kwa taa kali, wala asirushe ndege isiyo na rubani bila kibali. Akikuta mtego au mzoga, aupige picha palipo, aandike mahali na saa, kisha awaarifu maaskari wa hifadhi kabla ya kugusa kitu chochote. Picha ya mtego huo haitamfurahisha mtu nyumbani, lakini yaweza kuokoa mguu wa simba mwingine.