Zimwi Ashuka Mutindwa

Watoto wangu wa Umoja, Kayole na Jericho, asubuhi mawingu yakitawanyika, anayeishi ghorofa ya juu huviona vilima vya Ngong kule magharibi. Husimuliwa kwamba vile ni vifundo vya mkono wa zimwi aliyeanguka hapo. Mwaka 2011 Kwame Nyong'o, mtengenezaji katuni wa Nairobi, alitoa filamu fupi iitwayo The Legend of Ngong Hills: zimwi anakuja kuvamia kijiji cha Wamaasai, anamwona msichana mrembo, moyo unamwenda mbio.

Mkiipata, itazameni kwanza kwa raha zenu. Mara ya pili zimeni sauti, macho yafanye kazi. Katika katuni hakuna kitu kinachojipitia tu. Ukimrekodi mtu kwa simu pale Kariobangi, mbuzi anaweza kukatiza nyuma yake bila kualikwa. Kwenye katuni mbuzi hapiti mpaka mtu aamue apite, kisha amchore mguu kwa mguu. Hata upepo huchorwa. Insha nayo ni hivyo hivyo, na ndiyo maana huniuma kusoma insha inayoanza kwa ndege wakiimba asubuhi, kisha ndege hao wasionekane tena hadi nukta ya mwisho. Nani aliwaita, na kwa kazi gani?

Sasa simamisheni picha zimwi anapomwona msichana. Usiandike "alifurahi sana". Andika mkono ulifanya nini, macho yalikwenda wapi. Halafu ongeza yale ambayo skrini haiwezi kukupa: harufu ya manyoya yake, na neno alilotaka kusema likamkwama kooni.

Ukimaliza, mlete zimwi kwetu. Anashuka matatu Mutindwa saa kumi na mbili jioni, chapati zikigeuzwa, makanga wakigombania abiria. Anataka nini? Mapenzi yalishatumika kwenye filamu, mpe haja nyingine. Mimi ningempa haja ya viatu, maana yuko peku tangu Ngong. Anainama mbele ya kibanda cha mitumba, kivuli chake kinafunika meza nzima. Wateja wanatimka. Mama mwenye kibanda anamtazama miguu, anashusha pumzi.

"Saizi yako sina, baba. Lakini fundi wa viatu yuko hapo nyuma. Una pesa?"

Zimwi hana hata shilingi. Chukua daftari, uendelee kutoka hapo.