Rimu Ifuate Tairi

Magari ya mashindano ya dunia yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally huvaa rimu za inchi 15. Magari ya aina hiyohiyo yakienda Ulaya kushindana kwenye lami huvishwa rimu za inchi 18. Timu zile hazina uhaba wa pesa. Wahandisi wao wanajua kwamba kwenye mawe na makorongo kinacholiokoa gari ni kimo cha ubavu wa tairi, na njia ya kuongeza kimo hicho bila kulinyanyua gari zima ni kupunguza rimu. Sasa geuka utazame Subaru Impreza zinazokatiza Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, gari ambalo heshima yake huku kwetu ilijengwa na ushindi wa Safari wa 1997 na 2000. Rimu ni 18, wakati mwingine 19, na tairi limebaki na ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali.

Nitashika Impreza ya kizazi cha 2000 hadi 2007, yaani WRX na STI. Ni gari la spoti ambalo mtu wa kawaida anaweza kulifikia, halafu lina mtego unaowanasa wanunuzi wa rimu hadi leo. Mwenye Toyota 86, Mark X au Golf GTI atabadilisha tarakimu tu. Hesabu ni ileile.

Hesabu huanzia kwenye breki. STI nyingi za kizazi hicho zina breki za Brembo, na kalipa zake haziingii ndani ya rimu ya inchi 16, kwa hiyo 17 ndiyo ndogo kabisa. WRX ya kawaida huvaa 16 bila taabu. Ukishaijua rimu ndogo kabisa inayozipita breki zako, umepata jambo ambalo muuzaji hatakuambia, maana kila inchi unayoongeza juu ya hapo unailipia macho. Kwa gari linaloishi barabarani, linalopanda matuta asubuhi na kukwepa mashimo jioni, mimi nasimama hapohapo: 17 kwa STI, 16 au 17 kwa WRX. Inchi 18 inavumilika kwa mtu ambaye njia yake yote ni lami nzuri. Kuhusu 19 kwenye gari hili, hilo ni pambo, na anayelitaka alinunue akijua ni pambo.

Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi uone kinachopotea. STI ilitoka kiwandani na 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 45 ya 225 ni milimita 101. Ukihamia 225/40R18, ubavu unashuka hadi 90. Ukihamia 235/35R19, unabaki na 82. Karibu sentimita mbili za mpira na hewa zimeondoka, na hizo ndizo zilizokuwa zikikaa kati ya ukingo wa shimo na rimu yako. Tairi likigonga shimo kwa nguvu hubanwa kati ya lami na rimu, nyuzi za ndani zikakatika. Baada ya muda ubavu unatoa kivimbe. Kivimbe hicho hakizibwi na fundi yeyote wa pancha. Tairi hilo ni la kutupa hata kama kashata zake bado mpya.

Kuna na uzito. Rimu na tairi hukaa chini ya springi, na kila kilo inayoongezeka hapo shokapu lazima iidhibiti kila gari linaporuka tuta. Ndiyo maana mtu hutoka na rimu mpya kubwa akashangaa gari limekuwa gumu na zito kuondoka, ilhali injini haijaguswa.

Kimo cha gurudumu zima nacho kiangaliwe. 225/45R17 ina kipenyo cha milimita 634, na 225/40R18 ina 637. Tofauti hiyo ni ndogo. Lakini 245/40R18 inafika 653, asilimia 3 zaidi, hivyo mshale wa spidi ukionyesha 110 wewe unakwenda 113. Trafiki hatasikiliza hesabu hiyo. Na kwa Subaru kuna kosa baya zaidi la kimo, nalo ni kuchanganya matairi. Gari hili husukuma magurudumu yote manne. Mawili ya mbele yakiwa mapya na ya nyuma yamelika, au ukiweka kampuni mbili tofauti, magurudumu hayazunguki kwa idadi sawa, na difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika hadi ipate joto na kuharibika. Kipimo kinachotajwa na Subaru ni kwamba mzingo wa matairi usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Kwa lugha ya mfuko, Subaru hununuliwa matairi manne kwa pamoja.

Sasa mtego wenyewe. Wauza rimu huuliza PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya stadi. Impreza WRX ya kizazi hiki ni 5x100: stadi tano kwenye duara la milimita 100. STI nayo ilikuwa 5x100 hadi 2004, halafu kuanzia toleo la 2005 ikawa 5x114.3. Basi kuna STI mbili zinazofanana kama mapacha, rimu ya moja haiingii kwenye nyingine, na bado mtu hununua kwa kutazama picha kwenye simu. Usimuulize muuzaji, pima mwenyewe. Chukua rula, pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata milimita 59 hivi, una 5x100. Ukipata 67, una 5x114.3.

Mwenye 5x114.3 atakutana na kishawishi kingine, rimu za Golf na Audi, ambazo nyingi ni 5x112. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba nati hulazimika zikaingia. Zikishaingia, stadi zimepinda kidogo, nati zimekalia upande mmoja, na siku moja zitalegea ukiwa kwenye mwendo. Rimu inayoingia kwa kulazimishwa si yako.

Tundu la katikati ya rimu husahauliwa na wengi. Habu ya Subaru ina kipenyo cha milimita 56.1, na rimu za kununua nje ya kiwanda huwa na tundu kubwa zaidi ili ziuzike kwa magari mengi. Pengo hilo huzibwa na pete ya plastiki au aluminiamu inayouzwa kwa bei ndogo. Bila pete, rimu hukaa nje ya kitovu chake, na gari likifika kilomita 90 au 100 kwa saa usukani unatetemeka. Nimeona watu wakilipia balansi mara tatu kwa gari lililohitaji pete nne tu.

Halafu ofseti, ile namba inayoandikwa ET nyuma ya rimu. Inasema uso unaogusa habu uko umbali gani kutoka mstari wa kati wa upana wa rimu. Namba ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tuchukue rimu ya STI ya 5x100, upana inchi 7.5, ET53. Ukiibadilisha na ya inchi 8.5 yenye ET35, ukingo wa nje unasogea nje kwa karibu milimita 31. Kijana atafurahi kuona gurudumu limejaa kwenye fenda. Lakini tairi litakwaruza fenda gari likibeba abiria wanne, beringi za magurudumu zitabeba mkunjo ambao hazikupimiwa, na usukani utavutwa na kila mfereji wa lami. Rimu ya inchi 8 yenye ET48 inasogea nje milimita 11 tu na ndani milimita 1 hivi. Hiyo inaonekana vizuri na haiudhi chochote.

Nati zisichanganywe. Stadi za Subaru ni M12x1.25, za Toyota ni M12x1.5. Nati ya Toyota huanza kuingia kwenye stadi ya Subaru kisha ikakaza, na fundi mwenye mashine ya upepo atamalizia kazi kwa kuisaga nyuzi. Umbo la kikao nalo ni muhimu. Rimu nyingi za kununua hutaka nati yenye kichwa cha koni, ilhali rimu za kiwandani za Honda huwa na kikao cha mviringo. Kaza kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari, kisha rudia baada ya kilomita 100 hivi.

Kuhusu ubora wa rimu, jina linaloigwa kuliko yote ni TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani, iliyotoka mwaka 1996. Ile halisi hufuliwa kwa mashinikizo makubwa, kama mhunzi afuavyo chuma. Zile za bei nafuu zinazofanana nayo husubiwa kwenye kalibu. Rimu ya kusubu si lazima iwe mbaya, maana magari mengi hutoka kiwandani nazo. Tafuta alama ya JWL, ambayo ni kiwango cha Japani, ingawa alama nayo huigwa, basi nunua kwa mtu mwenye duka na risiti. Rimu iliyochomelewa ufa usiikubali hata ikipakwa rangi mpya. Joto la kuchomelea huondoa ugumu ambao kiwanda kiliuweka kwenye aluminiamu, na ufa mpya huanzia pembeni mwa ule wa zamani.

Tairi lenyewe ndilo pesa iende. Gari likitoka Japani, angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya barafu, mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi. Kwenye joto la Mombasa au Dar huwa mlegevu, gari likiyumba kwenye kona na kuchelewa kusimama. Yanauzwa sana kwenye mtumba wa matairi kwa sababu kashata zake ni ndefu na zinavutia macho. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kampuni kubwa husema tairi liondolewe likifika miaka 10, hata kama halijalika.

Ukienda 18, dai namba ya uzito. 225/40R18 yenye 88 hubeba kilo 560, yenye 92 XL hubeba 630. Chukua ya pili. Herufi ya W maana yake ni kilomita 270 kwa saa, mwendo ambao hutaufikia katika nchi ambayo kikomo ni 110. Hata hivyo tairi la W hustahimili joto vizuri zaidi, na joto ndilo adui wa tairi kwenye safari ndefu. Yale matairi ya nusu mbio yenye TREADWEAR 200 au chini yake yana mshiko mkubwa kwenye lami kavu, lakini njia zake za kutolea maji ni chache, na masika huja kila mwaka. Nunua tairi la barabara lenye alama ya TRACTION AA, ambayo hutolewa kwa kupima kusimama kwenye lami yenye maji.

Mwenye pesa za kitu kimoja tu aziache rimu za kiwandani na anunue matairi manne mapya. Mwenye pesa za vyote viwili amwambie fundi afunge gurudumu moja mbele, azungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha afunge nyuma na kupakia watu wanne. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwachie rimu zake.