Kolesteroli 5.1 hapa, 5.7 kule: Maabara ipi inasema kweli?

Umepima mafuta kwenye damu Jumatatu, karatasi inasema kolesteroli 5.1. Wiki inayofuata unapita maabara nyingine karibu na stendi, unaambiwa 5.7. Chakula ni kilekile, mafuta ya kupikia ni yaleyale. Sasa nani anadanganya?

Huenda hakuna. Ila tofauti hiyo si ya kupuuza, kwa sababu madaktari wengi hutumia 5.2 kama mpaka. Chini yake unaambiwa uko salama. Juu yake yanaanza mazungumzo ya kubadili mlo, na kwa wengine vidonge vya statini, dawa ambayo mtu huimeza kwa miaka.

Damu moja, majibu kila rangi

Mwaka 1985 nchini Marekani, chama cha wanapatholojia kilituma sampuli ileile kwa maabara zipatazo 5,000. Jibu sahihi lilikuwa linajulikana: 262.6 kwa kipimo cha miligramu, yaani karibu 6.8 kwa kipimo tulichozoea huku. Majibu yaliyorudi yalianzia 101 hadi 524. Kwa maneno mengine, mtu yuleyule angeweza kuambiwa ana 2.6 au ana 13.6, kutegemea mlango aliogonga.

Na hizo zilikuwa maabara za nchi tajiri, zenye mashine na umeme wa uhakika.

Jiwe la mizani

Ukinunua kilo ya sukari, unaamini mizani ya muuza duka kwa sababu imelinganishwa na jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Jiwe hilo nalo lililinganishwa na lingine bora zaidi. Kolesteroli ina mpango huohuo.

Juu kabisa ipo taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inayotumia mashine za kutambua molekuli kwa uzito wake. Chini yake ipo CDC, jijini Atlanta, ambayo tangu miaka ya 1950 imekuwa ikisaidia maabara za utafiti wa moyo zisome namba zinazofanana. CDC ilishika njia iliyochapishwa mwaka 1952 na Abell, Kendall na wenzao. Ni kazi ya mikono, ya polepole, na hakuna zahanati ingeiweza kwa foleni ya wagonjwa wa asubuhi. Tena husoma juu kidogo, kama asilimia 1.6 kuliko ya NIST. Haijalishi sana, maana kosa linalojulikana unaweza kulihesabu. Lisilojulikana ndilo balaa.

Baadaye ukaundwa mtandao wa maabara za rejea, zikiwemo za Rotterdam, Uholanzi, na Osaka, Japani. Kampuni za mashine hupeleka huko mashine na vitendanishi vyao vilinganishwe kwa damu ya watu, isiyochakachuliwa. Hilo la damu halisi ni muhimu. Sampuli iliyokaushwa au kuongezwa vitu ili idumu inaweza kuifanya mashine nzuri ionekane mbovu, au mbovu ionekane nzuri.

Lengo lililowekwa ni kwamba mashine isiegemee upande mmoja kwa zaidi ya asilimia 3, majibu yake yasiyumbe kwa zaidi ya asilimia 3, na kosa lote kwa pamoja lisivuke karibu asilimia 9. Piga hesabu: kama kolesteroli yako halisi ni 5.4, maabara inayofuata kanuni bado inaweza kukupa kati ya 4.9 na 5.9. Ile 5.1 na ile 5.7 zote zimo humo.

LDL mara nyingi ni hesabu tu

Watu wengi hawajui hili. LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, kwenye maabara nyingi haipimwi. Inapigwa hesabu kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: chukua kolesteroli yote, toa HDL, kisha toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Ukiwa na 5.6, HDL 1.2 na trigliseridi 1.8, LDL inatoka karibu 3.6. Sasa mashine ikizidisha kolesteroli yote kwa asilimia 6 tu, LDL inaruka hadi 3.9. Kosa dogo limekua hadi karibu asilimia 10. Na trigliseridi zikipita 4.5, kanuni hiyo haifai kabisa.

Halafu kuna mwili wenyewe

Hata mashine ingekuwa malaika, kolesteroli yako hupanda na kushuka kwa kama asilimia 6 siku hadi siku. Ukilala kitandani kabla ya kutolewa damu inashuka. Mkanda ukikaa mkononi muda mrefu inapanda. Ujauzito nao huipandisha. Ndiyo maana daktari makini haanzishi dawa kwa karatasi moja iliyopita mpaka kidogo tu, anarudia kipimo.

Kama unafuatilia dawa inavyofanya kazi, rudi maabara ileile, ukae kwenye kiti dakika chache kwanza. Angalia pia kizio. Ndugu aliyeko Marekani akikuambia ana 200, usishtuke: gawanya kwa 38.67, ni 5.2. Kwa trigliseridi gawanya kwa 88.57.

Swali la kuuliza kaunta ni moja: kipimo hiki cha mafuta mnakilinganisha na maabara za nje? Usiridhike na cheti cha ithibati kilichotundikwa ukutani, kiwe cha KENAS au SADCAS. Omba kuona orodha inayoambatana nacho. Ithibati hutolewa kwa kila kipimo, na maabara inaweza kuwa nayo kwa malaria huku kolesteroli haimo.